Bodi ya Kulinda Spika yenye Aisii uPC1237: Tathmini Baada ya Mwaka Mzima wa Kuwasha na Kuzima

Kwa miaka mitatu amplifaya ya sebuleni kwetu ilikuwa na tabia moja iliyowafanya watu wa nyumbani waiogope. Ukibonyeza swichi ya kuwasha, wufa za spika zote mbili, yaani vipaza vya sauti nzito, ziliruka mbele kwa kishindo kimoja kizito; na ukizima, baada ya kimya cha nusu sekunde hivi, ulitoka mkoromo mkavu kama kitambaa kinachochanwa, ukafuatwa na kishindo cha pili kilichokuwa kikali kuliko cha kwanza. Mama yangu, ambaye chumba chake kinapakana na sebule, alifikia hatua ya kuniomba nisiizime baada ya yeye kulala, niiache iwake hadi alfajiri. Bodi ninayoitathmini hapa niliinunua kwa sababu ya kishindo hicho, na sasa imekaa ndani ya amplifaya hiyo kwa zaidi ya mwaka mmoja, muda ambao naona unatosha kuisema kwa haki.

Ni bodi ndogo inayoenea kwenye kiganja, isiyo na jina la kiwanda, ya aina inayouzwa katika maduka mengi ya vipuri vya elektroniki Kariakoo na kwa waagizaji wa mtandaoni. Nililipa pungufu kidogo ya shilingi 20,000. Juu yake kuna rilei mbili, moja kwa kila upande wa stereo, yaani swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Kuna daraja la daiodi, linalogeuza AC kuwa DC, na kapasita yake ya kuhifadhi umeme. Na katikati imesimama aisii, yaani saketi nzima ndani ya chipu moja, nyembamba yenye miguu 8 katika mstari mmoja, uPC1237, iliyobuniwa na kampuni ya NEC ya Japani kwa kazi hii ya kulinda spika na iliyotumika katika amplifaya nyingi za Kijapani. Kazi ya bodi nzima inaelezeka kwa sentensi moja: hukaa kati ya amplifaya na spika, na hufunga njia wakati wowote ambapo kinachotoka kwenye amplifaya si muziki.

Nyakati hizo ni tatu. Ya kwanza ni sekunde chache baada ya kuwasha, kabla volti za ndani hazijatulia. Ya pili ni pale umeme unapoondoka, iwe umezima mwenyewe au umekatika mtaa mzima. Ya tatu, ambayo naomba Mungu isinifike, ni pale transista ya mwisho inapoungua na kuachia umeme wa moja kwa moja, yaani DC, uende kwenye spika. Ubora wa bodi unapimwa kwa zote tatu, na kosa ninaloliona kwa wauzaji na hata kwa mafundi wengi ni kuisifu kwa ile ya kwanza peke yake, kwa kuwa ndiyo inayoonekana dukani: unawasha, unahesabu moja, mbili, tatu, rilei inabana, muziki unaanza, mteja anatabasamu na kulipa.

Amplifaya yangu iliundwa na fundi wa mtaani kwa ustadi ambao bado naushukuru. Ina transfoma ya duara ya volti 25-0-25, ambayo ikishanyooshwa na daiodi inatoa takriban volti 35 chanya na volti 35 hasi, na kila upande una kapasita ya mikrofaradi 10,000 ya kuhifadhi umeme. Bodi ya besi na trebo ina transfoma yake ndogo ya volti 12. Nilipomrudia fundi na malalamiko ya kishindo alinijibu kwa upole, "Kaka, hiyo mashine inavuta pumzi tu, haina ubaya." Kwa kiasi fulani alisema kweli, kwa kuwa kishindo kimoja hakiui wufa nzima iliyo katika hali nzuri, na tuita, yaani spika ndogo ya sauti nyembamba, kwa kawaida ina kapasita mbele yake inayozuia mawimbi mazito. Lakini kifaa cha nyumbani kinachowashtua wazee na kuamsha watoto kila kinapowashwa kina kasoro, hata kama hakijaunguza kitu, na sikutaka kuizoea.

Kabla ya kununua chochote nilifanya jaribio ambalo ningemshauri kila mtu alitangulize, kwa sababu halihitaji hata mita. Nilichomoa waya zote za kuingiza sauti amplifaya ikiwa imezimwa, nikaitenganisha bodi ya besi na trebo, kisha nikaunganisha njia ya kuingilia ya amplifaya kuu na graundi yake kwa kipande kifupi cha waya, ili kusiwe na sauti yoyote inayoingia. Nilipowasha, kishindo cha kwanza kilikuwapo vilevile. Kwa hiyo kilizaliwa ndani ya amplifaya kuu, ambako volti chanya na volti hasi hazipandi kwa mwendo mmoja na transista za mwanzo huchelewa kidogo kushika hatamu. Nilipozima, ule mkoromo haukutoka kabisa. Hapo nikaelewa kwamba mkoromo ulikuwa wa bodi ya besi na trebo: transfoma yake ndogo inaishiwa umeme upesi, aisii zake zinayumba na kutupa kelele, huku amplifaya kuu ikiwa bado na akiba kubwa katika zile kapasita za mikrofaradi 10,000, ikiipokea kelele hiyo na kuikuza kwa uaminifu kama inavyokuza muziki.

Ndiyo maana kwa wenye vifaa vilivyotengana kanuni ya zamani bado ina maana: chanzo cha sauti kiwashwe kwanza na amplifaya ya mwisho iwashwe mwishoni, na wakati wa kuzima ile ya mwisho itangulie kuzimwa na ipewe muda wa kunyamaza. Kwa chombo chenye swichi moja kanuni hiyo haina pa kutumika, na kwa umeme unaokatika bila kuaga haina pa kutumika kwa mtu yeyote.

Sasa niseme jinsi nilivyoifunga vibaya mara ya kwanza, kwa sababu naamini watu wengi wanaosema bodi hizi hazifai wameangukia shimo hilohilo. Karatasi iliyokuja na bodi ilisema inakubali AC, yaani umeme unaogeukageuka kama wa ukutani, ya volti 12 hadi 18 au DC, na dukani niliambiwa niichomeke popote penye volti 12. Nilichukua DC ya volti 12 iliyokuwapo tayari kwenye bodi ya besi na trebo. Kuwasha kukawa raha tupu: kimya, sekunde tatu na ushei, mlio mdogo wa rilei, muziki. Kuzima hakukubadilika hata kidogo. Rilei ziliendelea kubana kwa zaidi ya sekunde mbili baada ya swichi kuzimwa, zikila akiba ya kapasita, na katika sekunde hizo mkoromo na kishindo vilipita mlango ukiwa wazi.

Sababu iko kwenye mguu wa 4 wa aisii. Mguu huo umewekwa kuchunguza kama AC ipo au haipo: kwenye bodi, umeme wa transfoma hupitia daiodi moja na kapasita ndogo kwa makusudi, ili AC ikitoweka volti ya mguu huo iporomoke mara moja bila kungoja zile kapasita kubwa zikauke, na aisii iamuru rilei ziachie. Ukiilisha bodi DC umeuondolea mguu huo kitu cha kuchunguza. Bodi itaendelea kuwa na macho ya kuona DC mbaya kwenye spika, na itaendelea kuchelewesha wakati wa kuwasha, lakini kuzima itakugundua pale tu itakapokosa nguvu yenyewe. Karatasi ya bodi haikugusia jambo hilo hata kwa neno moja, na hili ndilo lalamiko langu kubwa kuliko yote juu ya bidhaa hii. Mnunuzi anaambiwa kwamba AC na DC ni sawa, ilhali kwa kuchagua moja anapoteza theluthi ya kile alichokilipia.

Niliifumua kazi yangu na kuchukua AC ya volti 12 moja kwa moja kutoka kwenye transfoma ndogo, kabla ya daiodi. Ili nisijidanganye kwa masikio, niliweka simu juu ya meza nikarekodi sauti ya mlio wa swichi na mlio wa rilei, kisha nikaitazama rekodi kwenye programu ya kuhariri sauti. Kutoka swichi kuzimwa hadi rilei kuachia ilipita chini ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mkoromo ulipokuja kutoka ulikuta njia imefungwa. Nilirekodi pia wufa kwa video ya mwendo wa pole, kwa kuwa kishindo cha kuwasha kilikuwa kikionekana kwa macho, na sasa karatasi ya wufa haitikisiki kabisa mpaka wimbo unapoanza. Usiku wa kwanza mama aliniuliza asubuhi yake kama redio ililala ikiwaka. Nilimwambia niliizima saa tano.

Hata hivyo ulibaki mlio mmoja mwembamba, "tik", uliotokea papo hapo swichi ilipozimwa, na huu haukuwa kosa la bodi. Swichi inapokatisha umeme unaopita kwenye transfoma, cheche ndogo huruka kati ya vidomo vyake, yaani vipande vya chuma vinavyogusana na kuachana, na mshtuko wa cheche hiyo huingia kwenye waya za sauti katika sekunde ileile, kabla rilei yoyote duniani haijawahi kuachia. Tiba yake ni kapasita ya nanofaradi 10 inayofungwa sambamba na vidomo vya swichi, na hapa nasisitiza kwamba lazima iwe ya daraja la X2 lililoandikwa juu yake pamoja na volti 275 za AC. Kapasita ya kawaida iliyookotwa kwenye redio mbovu haikutengenezwa kukaa kwenye umeme wa ukutani na inaweza kuwaka moto. Asiye na mazoea ya umeme wa ukutani ampe fundi kazi hii. Mwenye mazoea naye akumbuke kwamba kapasita za mikrofaradi 10,000 hubaki na umeme baada ya plagi kuchomolewa, na huondolewa kwa kipingamizi, kwa subira, wala si kwa bisibisi.

Ulinzi dhidi ya DC niliujaribu bodi ikiwa mezani, imeunganishwa na transfoma yake tu, bila amplifaya na bila spika. Niligusisha betri ya volti 9 kwenye sehemu ya kuingilia ya upande wa kulia, kisha nikageuza chanya na hasi, kisha nikarudia upande wa kushoto. Rilei ziliachia mara zote nne, na zilirudi zenyewe betri ilipoondolewa. Nimefurahi nayo, kwa sababu huu ndio ulinzi wenye uzito wa fedha. Chukua amplifaya kama yangu: transista moja ikiungua na kupitisha volti 35 nzima, na koili ya wufa ya omu 8 ikiwa na ukinzani wa DC wa takriban omu 6, wufa hiyo itabebeshwa zaidi ya wati 200 za joto tupu bila mwendo wa kuipoza, na koili itaungua haraka sana. Fyuzi haiwahi siku zote.

Lakini jaribio la betri halitoshi kuniaminisha kabisa, na niseme kwa nini. Betri ndogo haina nguvu ya kutengeneza safu ya moto. Rilei nyingi za ukubwa huu huandikwa volti 30 za DC, na amplifaya yangu ina 35; vidomo vinapoachana chini ya DC kali, umeme unaweza kuendelea kuruka hewani kati yake, tofauti na AC ambayo hupita kwenye sifuri mara 100 kwa sekunde katika umeme wetu wa hezi 50 na hivyo kujizima. Njia njema ni kufunga spika kwenye kidomo cha kati cha rilei, amplifaya kwenye kile kinachobana, na graundi kwenye kile cha tatu, ili rilei ikiachia spika iunganishwe na graundi na hata moto ukiruka uende graundi na kukata fyuzi badala ya kupita kwenye wufa. Kwenye bodi hii kidomo cha tatu kimeachwa wazi, hakikuunganishwa na kitu. Waya mmoja mfupi, uliosahauliwa na mbuni, ungeifanya bodi iwe ya daraja jingine. Mwenye amplifaya ya volti zinazozidi 40 kila upande sitamshauri aitegemee kama ilivyo.

Kuhusu sauti yenyewe sina la kulalamika. Nimesikiliza taarabu, kaswida na dansi la zamani bila bodi na nikiwa na bodi, kwa spika zilezile, na sikusikia tofauti. Rilei zenye vidomo safi hazina cha kuongeza wala kupunguza kinachosikika. Neno "safi" ndilo la kuangalia. Katika mwezi wa 11 upande wa kulia ulianza kufifia nikisikiliza kwa sauti ya chini, na ukirudi ghafla nikiongeza sauti, dalili inayojulikana ya vidomo vilivyoota utando ambao sauti ndogo haiwezi kuutoboa. Nilizitoa rilei zote mbili na kuweka mpya za volti zilezile na mpangilio uleule wa miguu, kazi ya nusu saa kwa mwenye pasi ya kulehemu. Rilei zilizokuja na bodi hazikuwa na jina. Nilizoweka zimefungwa vizuri zaidi dhidi ya vumbi, na tunapokaa, karibu na bahari, naona hilo lina maana. Kwa bei ile sioni haki kudai rilei za maisha, ila mnunuzi ajue kwamba hicho ndicho kiungo kitakachochoka kwanza.

Jambo jingine linahusu redio za zamani, na nililigundua nyumbani kwa baba mkwe. Yeye ana amplifaya inayotumia volti 24 chanya tu, bila volti hasi, ile aina ambayo kila spika imefuatanishwa na kapasita kubwa, kwake ni ya mikrofaradi 2,200. Kishindo chake cha kuwasha kina asili nyingine: kapasita hiyo lazima ijae hadi nusu ya volti, yaani 12, na njia pekee ya kujaa ni kupitia spika. Niliifunga bodi nikijivunia mwaka wangu wa uzoefu, mzee akiwa ameketi pembeni kutazama. Tukawasha, tukangoja sekunde tatu, rilei ikabana, na kishindo kikatoka kama kawaida, kimechelewa tu. "Mwanangu, naona umeihamisha saa," mzee alisema, na alikuwa amelisema tatizo lote. Rilei ikiwa imeachia kapasita haina pa kujazia. Inangoja, na rilei inapobana ndipo inajaa kwa mkupuo.

Dawa ilikuwa kipingamizi cha omu 470 cha wati 1 kutoka kwenye kapasita hadi graundi, upande wa kabla ya rilei, kimoja kwa kila spika. Kapasita hujaa polepole kupitia hapo, na baada ya sekunde tatu imebakiza sehemu ndogo tu isiyoshtua mtu. Mafundi wengi huweka kilo-omu 1, lakini kwa kapasita ya 2,200 huo ni mwendo wa pole mno kwa bodi yenye subira ya sekunde tatu, na kishindo kidogo kitabaki. Hili pia lilistahili mstari mmoja kwenye karatasi.

Wenye sabufa ndogo za kisasa na amplifaya za daraja D (class D, ambazo transista zake huwaka na kuzima upesi sana) nawashauri wasiikimbilie bodi hii kabla ya kujaribu jambo rahisi. Chipu nyingi za aina hiyo zina mguu wa kunyamazisha ulioshikwa na rimoti au kitufe cha mbele. Kwa chipu ya TPA3116D2, kwa mfano, maelekezo ya mtengenezaji yanashauri ilazwe kwanza, yaani iwekwe katika hali ya kupumzika, kabla ya kuondolewa umeme. Anayezima kwa kuchomoa ukutani akiwa amezoea kusikia kishindo, azime kwa kitufe kwanza na kuchomoa baadaye, na huenda hahitaji kununua chochote.

Je, ningeinunua tena? Nimeshainunua tena, hiyo ya baba mkwe, na nyingine ya amplifaya ya jirani. Kwa amplifaya ya nyumbani yenye volti 35 au pungufu kila upande, iliyo na transfoma ambako unaweza kupata AC ya volti 12, naipa nyota nne kati ya tano. Nyota iliyokosekana ni ya karatasi ya maelekezo na ya kile kidomo cha tatu. Kwa mtu asiyeweza kupata AC na anayetaka kuilisha DC naipa mbili, maana atapata kuwasha kwa kimya na kuzima kwa kishindo. Anayekwenda dukani aiulizie kwa namba ya aisii, aigeuze aone kama miguu yote 8 imelehemiwa vizuri, na aombe ionyeshwe ikizimwa, kwa transfoma ya AC, kabla ya kutoa fedha. Muuzaji wangu wa pili alikubali kufanya hivyo bila kusita.

Wiki iliyopita umeme ulikatika saa mbili usiku tukiwa katikati ya wimbo. Taa, feni na muziki vilitoweka kwa pamoja, rilei zikalia "tak" ndani ya boksi, na spika hazikusema neno.